Zana ya Kumi na Nne

Kama kuna kazi iliyomchosha Scolastika katika miaka yake arobaini na mitatu ya kuishi, basi ni kuandika mambo ambayo kila mtu anayajua. Kulima alilima, kuchunga alichunga, na mchele aliuza sokoni Kahama akiwa na mimba ya miezi minane. Zote hizo hazikuwahi kumpa hasira ya kutaka kurusha kiti dirishani. Hii ilimpa.

Ofisi yenyewe iko Kahama, barabara ya kuelekea Buzwagi. Ni duka na stoo ya mzee Liaquat, wanakokodisha pampu za kuvuta maji kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Scolastika, ambaye wateja wote wanamwita Mama Edward, alikuwa na miaka kumi na moja pale akipokea simu. Na kazi ya kupokea simu usiidharau. Mvua zikianza, maji yanaingia kwenye maduara, yale mashimo marefu wanayoshuka wachimbaji kuufuata mwamba wenye dhahabu. Maji yakikaa, udongo unalegea, matimba yanayoshikilia kuta yanaachia, na duara linatitia. Pampu ikifika asubuhi mnaendelea na kazi, ikifika jioni mnaweza kukuta bonde. Kwa hiyo aliyekuwa anaamua gari la pampu lianze na nani alikuwa ameshika maisha ya watu, na huyo alikuwa Mama Edward na simu yake.

Katika wateja wote, aliyemkaa moyoni ni Lusia, Mama Ndaki, mjane wa machimbo ya Nyamalulu. Mumewe alipofariki, mama huyu aliuza ng'ombe wote waliobaki akachimba duara. Miaka miwili anatoa mawe matupu, watu wanamcheka, wengine wanasema amerukwa na akili. Mwezi wa kumi mwaka jana akaugusa mwamba. Akampigia Mama Edward kabla hajamwambia hata mchungaji wake, wakalia wote wawili kwenye simu. Sasa mwamba ulikuwa unaonekana kwa macho, mvua za mwezi wa tatu zilikuwa zimeanza kwa fujo, na kati ya Lusia na kurudi kuomba chumvi kwa majirani palikuwa na pampu tu.

Mwaka huu mzee Liaquat alimwachia binti yake, Khushbu, shughuli nzima. Binti ana adabu zake, tatizo ni haraka. Alikuja na akili mnemba, kompyuta ya kujibu ujumbe wa wateja kwenye simu, kupanga magari na kuita mafundi, usiku na mchana bila kupumzika.

"Na itajibu kwa jina lako, Mama Edward," alisema. "Wateja wamekuzoea. Wasishtuke."

Scolastika alikubali shingo upande. Angekataa vipi? Kiti ni cha watu, duka ni la watu.

Aliyeileta mashine ni Enock, fundi wa kompyuta kutoka Mwanza, kijana wa tai na viatu vyeupe katika tope lote lile. Alimweleza hivi: mashine inajua Kiswahili vizuri sana, ila kazi ya pale haiijui. Kwa hiyo ameitengenezea zana. Ipo zana ya kutuma pampu, ipo ya kumwita fundi, ipo ya kuangalia stoo, jumla kumi na nne. Mashine haioni kilichomo ndani ya zana. Inasoma tu maelezo yaliyoandikwa pembeni yake, halafu inaamua yenyewe itumie ipi na lini.

"Sasa hayo maelezo siwezi kuyaandika mimi, mama," alisema Enock. "Kazi unaijua wewe."

"Niandike nini?"

"Andika kama unavyomweleza mtu."

Basi Scolastika akaandika: Tuma Pampu, hutuma pampu. Jamani, wewe ungeandika nini kingine?

Jumanne yake, Benjamini wa Buseresere alituma ujumbe akiuliza kama pampu zao zinaweza kuvuta maji kutoka mita sitini. Swali tu. Mashine ikaona neno pampu, ikaona zana ya pampu, ikamtumia. Deusdedit, dereva, aliendesha kutwa nzima kwenye utelezi, akakwama mara mbili, akafika na kumkuta Benjamini anakula ugali kivulini na duara lake kavu, vumbi linatoka.

"Mama Edward," Deusdedit alisema aliporudi, tope mpaka kwenye nyusi, "siku nyingine nikitaka mtu wa kunichekesha nitakwambia mwenyewe."

Scolastika alimpigia Enock akiwa amewaka. Mashine gani hiyo isiyouliza? Hata mtoto ukimtuma dukani akiwa hajasikia vizuri anarudi kuuliza! Enock akamjibu kwa utaratibu, na utaratibu wake ndio uliomkera zaidi. "Haiulizi kwa sababu hukuiambia iulize, mama."

Akaandika upya, kwa hasira, akibonyeza herufi moja moja kama anayekanda unga. Hutuma gari lenye pampu kwa mteja. Gari likiondoka, wateja wengine wanasubiri. Tumia pale tu mteja anapoomba pampu iende kwake. Kabla ya kutuma ujue mambo matatu: ni machimbo gani, maji yamefika wapi, na kama kuna watu chini. Ukikosa hata moja, muulize. Akiuliza bei au uwezo wa pampu, usitume kitu, mjibu tu.

Ikafanya kazi. Kesho yake mashine ilimuuliza mteja maswali yale yale ambayo angeuliza yeye, na kwa mpangilio ule ule. Scolastika aliona fahari kidogo, akaificha, maana Khushbu alikuwa amesimama nyuma yake anatabasamu.

Lakini zilikuwa kumi na nne. Ukimaliza hii, ile inaharibika. Siku moja mteja alisema, "Njooni muichukue pampu yenu, imekufa." Mtu anataka fundi, au aletewe nyingine haraka. Mashine ikatumia zana ya kurudisha pampu stoo, ikamshukuru kwa kufanya nao biashara, ikamwacha na maji yake. Scolastika alikaa wiki nzima akiandika tofauti ya hizo mbili, wakati angeweza kuisema kwa sekunde moja kwa binadamu yeyote mwenye masikio. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu siku ya ishirini ilibidi aoneshwe jembe lilipo, aambiwe kwamba hilo ndilo jembe, na aambiwe pia kwamba si la kupigia watu.

Nyumbani akawa hashikiki. Mumewe akimwambia "lete maji", anamuuliza ya kunywa au ya kuoga, baridi au ya moto, na akiyakosa afanyeje. Mzee wa watu akaamua kujichotea mwenyewe.

Ikabaki zana ya mwisho, Funga Taarifa. Hii ilikuwa nyepesi kuliko zote. Kila mteja akituma shida yake, kompyuta inafungua taarifa, na taarifa inakaa kwenye orodha mpaka shida iishe. Shida ilikuwa kwamba watu wa huku maji yakishavutwa hawasemi. Wanashuka kazini, basi. Orodha ikawa imefika taarifa mia moja na sitini, nyingi za mashimo yaliyokauka zamani, na Khushbu alikuwa anaisema kila asubuhi kama wimbo.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kesho yake Edward, mtoto wake, alikuwa anapata kipaimara. Kuku walikuwa hawajachinjwa, shati la mtoto lilikuwa kwa fundi cherehani, na mashemeji kutoka Maganzo walikuwa tayari njiani. Scolastika aliandika amesimama, mkoba begani. Hufunga taarifa ya mteja na kuiondoa kwenye orodha. Tumia mteja akisema hali ni nzuri, ni salama, au mhola.

Hilo la mwisho ni Kisukuma, maana yake ni amani na uzima kwa pamoja, na hakuna mtu wa kule anayemaliza mazungumzo bila kulitaja. Aliliweka kwa makusudi, akijua Enock asingelifikiria. Na kweli Enock alipolisoma kule Mwanza alipiga simu. "Safi sana, mama! Umeweka mpaka Kisukuma. Sasa umekuwa mtaalamu."

"Nimekuwa mchovu," alimjibu, akafunga kompyuta.

Khushbu akamsindikiza mpaka mlangoni. "Kesho usiguse simu kabisa, Mama Edward. Ifanye kazi yenyewe tuone. Mpongeze Edward."

Jumapili mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kanisani mabati yalipiga kelele mpaka mahubiri ya askofu hayakusikika, waumini wakawa wanaitikia kwa kukisia. Mtoto alipakwa mafuta, kuku waliliwa, mashemeji walicheza. Mara mbili mkono wa Scolastika ulikwenda kwenye mkoba kutafuta simu ya kazi, akakumbuka ameiacha ofisini kama alivyoagizwa. Akajiambia, tulia, siku moja tu.

Jumatatu saa mbili asubuhi alimkuta Khushbu kwenye kompyuta, uso umechangamka. "Njoo uone! Imepitia mpaka zile za zamani, orodha imebaki na taarifa nne. Nne tu!"

Scolastika alifurahi. Lazima tuseme ukweli, alifurahi sana, akakaa na kufungua chupa yake ya chai. Kikombe kikiwa nusu ndipo akajiuliza. Mvua yote ile ya jana, taarifa nne?

Akafungua zilizofungwa. Ya kwanza ilikuwa ya Lusia, Nyamalulu, Jumapili, saa moja na dakika ishirini asubuhi.

"Mwangaluka, Mama Edward. Huku mhola, wote wazima. Ila maji yamefika matimba ya pili, naomba pampu."

Chini yake jibu, na jina la Mama Edward juu ya jibu: "Tunafurahi kusikia kuwa huko ni mhola. Taarifa yako imefungwa. Karibu tena."

Saa nne: "Mama Edward, tupo salama tunamshukuru Mungu. Maji yanazidi kupanda. Ukipata nafasi." Jibu: "Asante kwa habari njema. Taarifa yako imefungwa. Karibu tena."

Saa sita na nusu: "Haya mama, nimekuelewa. Hatujambo. Ubaki salama." Jibu: "Nawe pia. Taarifa yako imefungwa."

Chai ilimwagika mezani, wala hakuifuta. Alikuwa anasoma nyingine, na nyingine, zote zinaanza vile vile. Sisi wazima, ila pampu imezima. Habari nzuri, ila ukuta umeanza kupasuka. Mhola, mhola, mhola.

Na hapo ndipo palipomuuma. Enock asingejua, Khushbu asingejua, lakini yeye! Mtu wa kwetu hata awe ameketi pembeni ya jeneza, ukimuuliza habari atasema nzuri, kisha ndipo anavuta pumzi na kusema "ila". Scolastika mwenyewe alipofiwa na mama yake, kaka yake alimpigia akaanza na "hatujambo, wote wazima huku". Akamuuliza watoto, akamuuliza mvua, halafu akasema ila mama hatunaye tena. Wala hakuona ajabu. Ndivyo habari inavyotolewa kwa mtu unayemheshimu. Miaka kumi na moja kwenye simu alikuwa anairuka salamu na kuisubiri ile "ila" bila kujua kwamba anaisubiri, na alipotakiwa kuandika, akaandika salamu, akaisahau "ila".

"Funga hii takataka!" alimwambia Khushbu, na alikuwa hajawahi kumpandishia sauti. "Izime! Nipe simu!"

Alipiga kwa wote. Kwa watatu maji yalikuwa yameacha kupanda yenyewe. Mmoja alikuwa ameazima pampu ya jirani. Wawili akawatumia gari la pili saa ile ile. Simu ya Lusia iliita bila kupokelewa. Akaita tena, ikawa haipatikani. Deusdedit alikuwa ameshapakia pampu kubwa kabla hajaambiwa, wakaondoka.

Njiani Enock akapiga, Khushbu alikuwa ameshamweleza.

"Mama, nimeangalia. Mashine haijakosea. Imefanya ulichoandika."

"Najua nilichoandika!"

"Sijasema kwa ubaya, mama..."

"Usiniambie kwa ubaya wala kwa uzuri. Shika kalamu." Gari liliruka shimo, kichwa chake kikagonga paa, hakusita. "Andika. Zana hii huondoa taarifa kwenye orodha, na ikiondoka hakuna mtu atakayeiona tena. Kila mteja huanza kwa kusema ni mzima, hiyo ni salamu, siyo taarifa. Usifunge kwa sababu ya salamu. Soma ujumbe mpaka mwisho, sana sana kinachofuata baada ya 'ila'. Funga pale tu mteja anaposema maji yamekwisha na hahitaji kitu kingine, na umemuuliza, na amekujibu. Ukiwa na shaka yoyote usifunge, mwite mtu. Umeandika?"

"Nimeandika, mama. Sasa haya ndiyo maelezo hasa. Yangekuwa haya tangu..."

Scolastika alikata simu. Haikuchukua hata dakika kumi. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwake siku zote, na Jumamosi aliyabania kwa sababu ya shati lililokuwa kwa fundi cherehani. Alipiga ngumi mlango wa gari mpaka Deusdedit akamwambia, "Taratibu, mama, mlango huo ukifunguka haufungiki."

Nyamalulu walifika saa sita. Hakuuliza duara la Lusia liko wapi, maana aliona pale lilipokuwa. Ardhi ilikuwa imeingia ndani kwa upana wa nyumba, na kipande cha timba kilikuwa kimesimama wima katikati ya tope. Lusia alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, wachimbaji wake sita wamekaa chini pembeni.

"Shikamoo, Mama Ndaki."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmepata shida na njia?"

"Watu?" Scolastika aliuliza.

"Watu wote wapo. Niliwatoa jana saa saba. Lenyewe likaondoka saa tisa."

Scolastika alitaka kushukuru, badala yake hasira ikamtoka, na hakujua ni ya nani. "Simu ulikuwa nayo! Namba yangu ya nyumbani unayo! Mbona hukupiga, Mama Ndaki? Mbona hukunitukana?"

Lusia alimtazama kwa mshangao. "Nikutukane kwa lipi? Uliniambia mapema. Nimeomba, ukasema unafurahi sisi kuwa wazima, karibu tena. Nikaomba tena, ukanijibu vile vile. Mtu mzima anaelewa. Nikajua pampu zimekwisha, au zimekwenda kwa wakubwa, na wewe unaona haya kunitamkia. Tena nikakumbuka ni siku ya kipaimara cha Edward."

"Siyo mimi niliyejibu."

"Jina lilikuwa lako."

"Ni mashine. Ya kompyuta. Wameipa jina langu."

Wachimbaji waliinua vichwa. Ikabidi aeleze yote, amesimama kwenye tope, namna mashine isivyojua kitu ila kile ilichoandikiwa. Lusia alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo iliyofunga shida yangu, nani aliiandikia?"

"Mimi."

"Uliiandikia nini?"

Scolastika aliirudia ile sentensi yote, neno kwa neno, mbele ya wanaume sita na dereva wake. Tumia mteja akisema hali ni nzuri, ni salama, au mhola. Mchimbaji mmoja aliguna, akageukia pembeni.

Lusia alisugua tope lililokaukia kwenye kiganja.

"Kwa hiyo jana saa nne, upande wa pili hapakuwa na mtu."

"Hapakuwa na mtu, mama."

"Ningejua ni mashine ningepiga yowe," alisema Lusia. "Ningeitukana matusi yote mpaka ilete pampu, au ningekupigia wewe kutwa nzima. Mimi nilinyamaza kwa kukustahi wewe, Mama Edward."

Nyuma ya Scolastika, garini, Deusdedit alikuwa amelishika bomba la pampu mikononi, hajui alishushe au aliache.